Mtoto wa mpanki si kivuli cha babake

Ukisikia "panki" hapa Nairobi, akili inakimbia moja kwa moja hadi kwa kinyozi. Pembeni chini kabisa, katikati msitu, unalipa, unatoka, na ukifika nyumbani mathe anakuuliza kama hicho ni kichwa ama ni jogoo. Wengi wetu tunaijua panki hadi hapo tu.

Lakini hilo neno limetoka mbali. Kwenye miaka ya 1970, kule New York na London, kulikuwa na vijana waliochoka. Kazi hakuna, wazazi hawawaelewi, na muziki wa roki umekuwa wa matajiri wenye magitaa ya bei na nyimbo zisizoisha. Wakaamua kuunda wao. Albamu ya kwanza ya Ramones ilitoka 1976. Mwaka huo huo Sex Pistols wakatoa wimbo wao wa kwanza London. Hukuhitaji kusomea muziki. Ukijua kushika gitaa mahali patatu, una bendi. Nguo unazikata na kuzishona mwenyewe, matangazo unayachora mwenyewe, rekodi unazitoa mwenyewe. Huku tungeuita ujuakali wa muziki. Ile nywele ilikuja tu kama bendera.

Leo nataka tuongee kuhusu filamu mbili za Marekani zilizozaliwa na huo uasi, hasa ile ya pili, na hasa zaidi jinsi watu walivyoipokea. Ya kwanza ni SLC Punk!, ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Ya pili ni Punk's Dead: SLC Punk 2, ya 2016. Zote mbili aliyeandika na kuongoza ni James Merendino. Ya kwanza ina mashabiki wanaoilinda mpaka leo kama shamba la babu. Ya pili wengi wa mashabiki hao hao waliitazama, wakanuna, wakasema heri isingetengenezwa.

Labda hujaona hata moja. Haidhuru. Huo ugomvi unakuhusu, kwa sababu chini yake kuna swali moja: nani ana haki ya kumwambia kijana namna ya kuasi?

Tuanze na ile ya kwanza. Ni mwaka 1985, Salt Lake City, mji mkuu wa Utah. Rais ni Reagan. Mji ndio makao makuu ya kanisa la Mormon, na sheria za pombe ni kali hivi kwamba jamaa wanaendesha gari hadi jimbo jirani la Wyoming kununua bia. Fikiria mtaa ambao kila jirani ni mzee wa kanisa, na kila mzee wa kanisa anamjua mamako. Sasa tembea katika huo mtaa ukiwa na nywele za bluu.

Huyo ndiye Stevo, ameigizwa na Matthew Lillard. Beshte yake anaitwa Heroin Bob, ameigizwa na Michael Goorjian. Jina ni la utani, maana Bob anaogopa dawa za kulevya kama ukoma. Sindano akiiona tu, anapagawa. Pombe na sigara sawa, lakini usimletee kitu kingine. Wawili hao wanapigana, wanacheza, wanaenda shoo, wanabishana kuhusu nani ni mpanki wa kweli na nani anajifanya.

Halafu linakuja jambo lililofanya filamu hiyo isisahaulike. Bob yuko kwenye sherehe, kichwa kinamuuma, anapewa vidonge, anavimeza juu ya pombe bila kujua ni vidonge gani hasa. Haamki. Yule aliyeogopa dawa kuliko wote ndiye anayeuawa na dawa. Stevo analia mpaka wewe unayetazama unatafuta mahali pa kuficha macho. Baadaye ananyoa nywele, anavaa suti ya mazishi, na anatuambia anaenda Harvard kusomea sheria, kama alivyotaka babake tangu mwanzo.

Kumbuka pia huyo baba ni nani. Alikuwa hipi wa miaka ya 1960. Naye aliasi enzi zake, akafuga nywele, akaimba amani. Halafu akawa wakili mwenye gari la bei. Kwa hivyo ile filamu ya kwanza, ukiiangalia vizuri, ni hadithi ya mtoto wa mwasi aliyekataa uasi wa babake na kutafuta wake. Shika hapo. Tutaparudia.

Sasa ya pili. Bob alipokufa, aliacha mimba. Mpenzi wake Trish alizaa mvulana, akamlea peke yake, akamwita Ross. Ross, ameigizwa na Ben Schnetzer, amekua. Hana nywele za kusimama. Yeye ni wa mtindo wa gothi: nguo nyeusi, sura ya huzuni, mawazo mengi kuhusu kifo. Hanywi, havuti, hagusi kitu. Moyo unavunjwa na msichana, na marafiki zake wawili, Crash na Penny, wanamchukua safari ya gari hadi kwenye shoo kubwa ya panki. Njiani anakunywa kwa mara ya kwanza, anatumia dawa kwa mara ya kwanza, na ile huzuni inamtoka. Huku nyuma mamake anaingiwa na wasiwasi, anawakusanya marafiki wa zamani wa Bob waende wamtafute. Na anayetusimulia yote haya ni Bob mwenyewe, kutoka upande wa pili.

Watu waliichukuliaje? Kuna wachache walioipenda, waliofurahi tu kuwaona tena Sean, Eddie na John the Mod wakiwa watu wazima. Lakini sauti kubwa ilikuwa ya malalamiko, na ukiyapanga unapata mafungu matatu.

La kwanza: Stevo yuko wapi? Matthew Lillard hayumo. Kwa wengi kesi iliishia hapo.

La pili: huyu Ross si mpanki. Ni mtoto mnyonge, analia kuhusu mapenzi, amevaa kama anaenda matanga. Babake angeona aibu. Na huyo Crash, si ni Machine Gun Kelly, yule rapa? Anatafuta nini huku?

La tatu: filamu yenyewe ni dhaifu. Fupi, ina haraka, vichekesho haviwaki, na ile roho ya ya kwanza haipo.

Kabla hatujajibu, kuna kitu cha kuelewa kuhusu hasira hii. Sehemu ya pesa za kutengeneza filamu hii ilitoka kwa mashabiki wenyewe, kwa mchango wa mtandaoni. Sisi tunaijua hiyo. Inaitwa harambee. Na unajua tabia ya mtu aliyetoa mia mbili kwenye harambee ya darasa: hata miaka 10 baadaye akipita hapo lazima aseme dirisha limewekwa vibaya. Alichanga, kwa hivyo ana neno. Sishangai kwamba walihisi filamu ni yao. Ninachouliza ni kama walichangia filamu, ama walichangia kurudishiwa ujana wao.

Chukua hilo lalamiko la Stevo. Tuseme amerudi. Anarudi kama nani? Mara ya mwisho kumwona alikuwa ameelekea Harvard. Miaka imepita. Huyo ni wakili. Ana mkopo wa nyumba, ana tai, labda ana kitambi. Mashabiki hawakuwa wanamtaka huyo. Walikuwa wanamtaka yule wa 1985, mwenye nywele za bluu, anayepiga kelele barabarani. Lakini yule alikwisha ndani ya filamu ya kwanza, mbele ya macho yetu, na filamu ilikuwa nzuri kwa sababu ilikubali amekwisha. Kumtaka arudi ni kama kumfukua Bob.

Na tuseme jambo lingine kuhusu Stevo ambalo watu hawapendi kulisema. Yeye aliasi akiwa na mto wa kuangukia. Babake alikuwa na pesa, na Harvard ilikuwa inamngoja kama matatu inayosubiri abiria mmoja ijae. Bob hakuwa na mto wowote. Kuna tukio kwenye filamu ya kwanza ambapo wanaenda kumtembelea babake Bob siku ya kuzaliwa kwake, na mzee akili hazimo, anawafukuza kwa bunduki. Huyo ndiye mzazi aliyekuwa naye. Kwa hivyo mwisho wake, mwenye mto alienda Harvard, asiye na mto alienda kaburini. Merendino alipoamua kufuata mtoto wa Bob badala ya kumfuata Stevo, alichagua hadithi ngumu zaidi: nini kinampata mtoto wa yule ambaye hakuwa na pa kuangukia? Hilo ni swali zuri, manze. Ni swali la Eastlands. Ni swali la kila ploti yenye mama mmoja na picha ya baba ukutani.

Nimeacha chuo mimi. Karo ilikuwa nusu ya sababu, nusu nyingine ilikuwa mimi mwenyewe, na siandiki haya nikitafuta pole. Lakini nikiwa njiani kutoka chuoni na begi langu sikuona Harvard yoyote mbele. Niliona Jogoo Road. Kwa hivyo mtu akiniambia shujaa wa hadithi lazima awe Stevo, namwelewa, ila najua pia hajawahi kuhesabu nauli.

Twende kwa lalamiko la pili, lile linalonichoma zaidi: eti Ross si mpanki.

Sikiliza. Mwaka 1981, kule Washington, bendi ya vijana wadogo iitwayo Minor Threat ilitoa wimbo unaoitwa Straight Edge. Mwimbaji wao, Ian MacKaye, alikuwa amechoka kuona wenzake wakilewa mpaka wanapotea. Wazo la wimbo ni rahisi: mimi ni mpanki, na sihitaji pombe wala dawa. Kutoka kwa wimbo huo mfupi lilizaliwa kundi zima la wapanki wasiokunywa, wasiovuta, wasiotumia chochote, na wapo mpaka leo duniani kote. Walikuwa wanaasi dhidi ya waasi. Kwenye chumba ambamo kila mtu amelewa, anayesema hapana ndiye mwenye kichwa kigumu.

Sasa mwangalie Ross tena. Kijana hanywi. Hatumii. Babake aliuawa na vidonge kabla hajazaliwa, na yeye ameamua, bila kuhubiriwa na mtu, kwamba hivyo vitu havitampata. Huyo mtoto unamwita mnyonge?

Na ugothi wake je? Huo nao haukushuka kutoka mbinguni. Siouxsie and the Banshees walianza mwaka 1976 katikati ya kundi lile lile la wapanki wa London, kisha muziki wao ukaenda gizani. Bauhaus wakafuata mwaka 1979 na wimbo wao kuhusu mwigizaji aliyecheza Dracula. Gothi ni mtoto wa panki. Yaani Ross ni mtoto wa mpanki kwa damu, na mtindo wake ni mtoto wa panki kwa muziki. Mashabiki walikuwa wanamtazama mrithi halali na kuuliza mrithi yuko wapi, kwa sababu tu hakufanana na marehemu.

Hata Bob mwenyewe hakurithi. Mwisho wa filamu ya kwanza tunarudishwa nyuma kabisa: Stevo na Bob ni watoto wawili wa kawaida, wanacheza michezo yao chini ya nyumba, na Bob anaweka kanda ya muziki ambao Stevo hajawahi kuusikia. Ndipo kila kitu kinaanza. Hakuna mzee aliyewaita akawakabidhi panki kama mkuki wa ukoo. Walijiokotea wenyewe.

Na wale wanaocheka kwamba rapa hawezi kuwa mpanki? Miaka minne baadaye, mwaka 2020, Machine Gun Kelly alitoa albamu ya panki-pop, na ikashika nambari moja Marekani. Malalamiko hayakuisha, yalianza upya. Sisemi yeye ndiye mpanki bora. Nasema tu kwamba ukisimama mlangoni ukikagua nani aingie na nani abaki nje, umeshakuwa askari wa mlangoni. Ile filamu ya kwanza iliwacheka sana watu wa namna hiyo. Kuna msichana anayekutana na Stevo kwenye sherehe na kumuuliza, kwa upole kabisa, kama nywele za rangi na mavazi si sare tu ya aina nyingine. Stevo hakuwa na jibu. Mashabiki wake hawajapata jibu mpaka leo.

Lakini ngoja, usidhani nimekuja kuitetea filamu ya pili yote. Kwa lile lalamiko la tatu, kwamba ni dhaifu, mashabiki wana haki. Ila nadhani walilia mahali pasipo na kidonda.

Udhaifu wake si ufupi, wala si bajeti. Filamu yenyewe inamtazama Ross kwa macho yale yale ya mashabiki. Inamwona ni mgonjwa. Huzuni yake ni ugonjwa, kutokunywa kwake ni ugonjwa, nguo zake nyeusi ni dalili. Na tiba inayomletea ni nini? Pombe, dawa, na shoo ya panki. Anakunywa, anatumia, anaruka na watu, na ghafla anapenda maisha. Na anayesimulia hiyo tiba akifurahia ni Bob. Bob! Yule aliyeuawa na vidonge. Marehemu anamtazama mwanawe akimeza kitu kutoka mkono wa mtu, na tunatakiwa tushangilie kwa sababu mtoto hatimaye amefanana na baba.

Hapo mimi nilikasirika. Filamu ya kwanza ilikuwa na ujasiri wa kutuambia huo mchezo una bei, na ikatuonyesha aliyelipa. Ya pili inachukua risiti ile ile na kuichana. Ilikuwa na kijana aliyekuwa amejibu kifo cha babake kwa njia yake, kimya kimya, na badala ya kumuuliza amewezaje, ikampa chupa.

Kwa hiyo unaona kichekesho kilichopo. Mashabiki walikasirika kwamba filamu haikuwarudishia uasi wa zamani. Filamu nayo ilikuwa inajikaza kuwarudishia uasi wa zamani. Walikuwa wanataka kitu kimoja, na aliyelipia ni mtoto aliyesimama katikati yao.

Unaweza kuuliza, haya ya Utah yanatuhusu nini sisi. Kwanza, panki iko hapa, na siongei kuhusu kinyozi. Kuna bendi ya Nairobi inaitwa Crystal Axis. Wanapiga panki, na wana nyimbo zinazoitwa Leopold na Nyayo House. Soma hayo majina mara mbili. Moja ni la mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa machinjio. Lingine ni la jengo hapa mjini ambalo chini yake watu waliteswa enzi za Moi, na ambalo wewe na mimi tunalipita tukienda kutafuta pasipoti. Hao jamaa wangeweza kuimba kuhusu Reagan na Wamormoni, wapate makofi kwa kuiga vizuri. Wakachukua magitaa, wakaweka hasira ya hapa. Hivyo ndivyo panki inavyosafiri. Unapokea ruhusa ya kupiga kelele, halafu kelele yenyewe unaitafuta kwenu.

Pili, hii tabia ya kumpima kijana kwa uasi wa mzee tunaijua vizuri sana. Kuna kizazi kilichokuwa barabarani siku ya Saba Saba, Julai 7, 1990. Kilikula rungu na gesi ili tupate vyama vingi, na heshima hiyo hakuna wa kuwanyang'anya. Lakini kwa miaka mingi wengi wao walituangalia na kusikitika. Kizazi cha simu. Kizazi cha TikTok. Nyinyi hamna msimamo, hamna kiongozi, hamna hata chama. Halafu ikafika Juni 2024 na Mswada wa Fedha. Wale wale wa TikTok wakautafsiri mswada kwa lugha za mama zao, wakaufafanua kwa video za dakika moja, wakapanga njia za kupitia mjini kwenye simu, wakatoka bila kiongozi na bila chama. Kasoro zote tulizosomewa ndizo zilizotumika. Rais akakataa kutia saini. Na kuna wenzetu ambao hawakurudi nyumbani, kwa hivyo siitaji hiyo siku kwa majigambo.

Nina mjomba ambaye alikuwa chuoni enzi zile serikali ikikasirika inafunga chuo kizima na kuwarudisha wanafunzi kijijini. Anapenda kunikumbusha kwamba wao waliondoka chuoni wakifukuzwa na polisi, na mimi niliondoka kwa miguu yangu. Tunacheka. Lakini chini ya kicheko kuna mizani. Uasi wake una moshi na picha za magazeti. Wangu una kompyuta ya mkononi yenye betri mbovu. Kwake mimi ni sehemu ya pili isiyofikia ya kwanza. Simlaumu. Kila mtu anapenda filamu aliyoigiza mwenyewe.

Wewe unayesoma hii labda una babako, ama shangazi, ama mwalimu wa namna hiyo. Alifanya kitu kikubwa akiwa na miaka yako, na sasa anakukagua kila siku kama una dalili. Ama labda hali ni kinyume: hujawahi kumjua huyo mtu, umeachiwa tu hadithi zake, na kila ukikosea ama ukifaulu unaambiwa angalikuwepo angesema nini. Hiyo ya pili ni nzito zaidi. Ukiwa na mzee aliye hai mnaweza kubishana. Marehemu hana siku anakosea.

Ninachokuomba ni kidogo. Chukua kutoka kwao ile ruhusa, ule ukaidi, ile roho ya kufanya mwenyewe. Sare waachie. Kama uasi wako ni kutokunywa kwenye mbogi ya walevi, ni uasi. Kama ni kuvaa nyeusi na kuandika mashairi, sawa. Kama ni kurudi chuoni wakati kila mtu kwenye base anakucheka, hiyo pia nimeiona, na inahitaji shingo ngumu kuliko nywele ngumu.

Na kesho ikifika, maana itafika, mtoto wako aingie kwa mlango na kitu usichokielewa kabisa, muziki unaosikika kama mabati yakiburutwa, nguo za ajabu, msimamo unaokuudhi, kumbuka jamaa waliochanga pesa zao na kukasirika. Walikuwa vijana wa 1985 wenye nywele za bluu, ama walitamani kuwa. Wakaja kukaa kwenye kiti cha babake Stevo bila kuona wamekaa.

Ukibahatika kuiona hiyo filamu ya pili, usipoteze muda kumtafuta Stevo. Mwangalie Ross kabla hajapewa chupa ya kwanza, akiwa na weusi wake na ukimya wake, akikataa kile kilichomuua babake. Halafu uniambie kati yake na hao waliokuja kumtibu, nani alikuwa mgonjwa.